Soko la Mtabila na Swali la Kabila

Huku kwetu Buha watu huulizana kabila kabla hata ya jina. Ukishajitaja, mtani wako anakurukia: anakusimanga, anakuchekesha hata msibani, na hukasiriki. Desturi hiyo iliwafaa sana wazee wetu waliokwenda Tanga enzi za Mwingereza kukata mkonge. Manamba wa Kiha aliyefia ugenini alizikwa na watani.

Basi ikaja Mtabila. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, Warundi walimiminika Kigoma. Mtabila ikawa kambi kubwa hapa Kasulu. Kibondo zikawako Kanembwa, Mtendeli na Nduta. Hatukuhitaji mkalimani, maana Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, na wao kama sisi walitawaliwa na mwami. Naamini ukaribu huo ndio uliotudanganya.

Nilikuwa nauza ndizi na muhogo. Wanawake wa kambini walileta mahindi na mafuta ya mgawo, tukabadilishana. Siku moja jirani yangu wa genge, mtu mwema kabisa, akamuuliza mmoja wao: "Dada yangu, wewe kabila gani?" Alitaka utani tu. Yule mama alikaza kanga yake akaondoka, ndizi zake akaziacha mezani. Mwaka 1972, na tena 1993, jibu la swali hilo kwao liliamua nani aishi. Hata kuuliza mlima anaotoka mtu kuliwatia hofu, kwa kuwa Mrundi hujulikana kwa mlima wake.

Hakuna mkutano ulioitwa. Wauzaji wakongwe walianza tu kuuliza mengine: watoto wameamkaje, mgawo umetoka, mvua imewafikia? Hela tukajifunza kuzitoa kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, kama wao wanavyompa mtu wanayemheshimu. Mteja mmoja alinunua kwangu miaka mingi ndipo akanieleza, bila kuulizwa, nani aliwaua kaka zake. Nilifunga genge mapema siku hiyo, tukakaa.

Mtabila ilifungwa Desemba 2012. Zaidi ya watu 30,000 walirudishwa Burundi, na leo pale ni kambi ya JKT. Mwaka 2015 Warundi walikimbia tena, Nduta ikafunguliwa upya. Mpwa wangu alipotaka kupeleka dagaa huko, nilimkalisha nikamsimulia yote haya kabla hajafunga mzigo kwenye baiskeli.