Motokaa Yangu na Gari la Wengi

Msomaji mpenzi, yumkini umekwisha kuwasikia watu wazima wakisema kwamba mtu hawezi kuishi katika mji wa siku hizi bila ya motokaa yake mwenyewe. Husema hivyo kama wasemavyo kwamba mtu hawezi kuishi bila ya maji. Mimi sikatai kwamba yako mashaka ambayo motokaa peke yake huweza kuyaondoa, na mbele kidogo nitakusimulia moja lililonifika. Lakini maji yamehitajiwa na kila kiumbe tangu dunia kuumbwa, na motokaa haijatimiza hata miaka 150. Haja ya maji tumezaliwa nayo. Haja ya motokaa ilitengenezwa. Kitu kilichotengenezwa kina tarehe yake na sababu yake, na kwa hiyo kina historia. Historia hiyo ndiyo nitakayo tuifuate, wewe nami, katika nchi yetu ya Kenya.

Tuanzie Mombasa, kabla motokaa haijaonekana. Mwishoni mwa karne ya 19 na miaka ya mwanzo ya karne ya 20, njia za kisiwa kile zilikuwa na reli nyembamba, na juu yake vilipita vigari vidogo vyenye kiti na paa la kukinga jua. Havikuvutwa na farasi wala kuendeshwa kwa moshi. Vilisukumwa na watu. Maofisa wa serikali walikuwa na vigari vyao wenyewe, pamoja na wasukumaji waliovishwa sare. Hebu fikiri picha hiyo. Mtu mmoja amekaa kivulini. Watu wawili au zaidi wanakimbia nyuma yake juani. Na wengine, ambao ndio wengi, wanajitenga kando ya reli ili kigari kipite. Vigari hivyo viliendelea kutumika hata katika miaka ya 1920, ndipo motokaa zikavifuta. Reli zake ziliondolewa, lakini mpango ule wa mmoja kukaa na wengi kupisha njia haukung'olewa pamoja nazo.

Reli kubwa, ile ya kwenda Uganda, ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Gari moshi lilikuwa chombo cha wote kwa maana kwamba wote walisafiri nalo. Lakini halikuwa la wote kwa usawa, maana lilikuwa na madaraja, na Mwafrika alijua bila kuulizwa kwamba daraja lake ni la tatu. Palipokuwa kambi ya reli pakaota mji wa Nairobi, nao ulipogawanywa ulifuata desturi ile ile. Wazungu walichukua sehemu za juu, magharibi na kaskazini, zenye miti na viwanja vipana. Wahindi walipata sehemu zao, Parklands na nyinginezo. Waafrika waliwekwa upande wa mashariki: Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni na mitaa iliyofuata.

Sasa litazame jambo hili kwa jicho la msafiri. Mzungu aliishi mbali na kazi yake kwa kupenda, kwa sababu alikuwa na motokaa ya kumfikisha. Mwafrika aliishi mbali na kazi yake kwa kupangiwa, na chombo chake kilikuwa miguu. Mwaka 1934 kampuni moja ya Kiingereza ilianzisha mabasi mjini Nairobi, na hapana shaka yalisaidia. Lakini basi halipandwi bure, na mshahara wa kibarua ulikuwa mdogo. Kwa wafanya kazi wengi nauli ya kila siku ilikuwa anasa. Basi ukitaka kujua kwa nini hata leo wako watu wanaotoka alfajiri kwa miguu kutoka mitaa ya mashariki kwenda viwandani, usiseme kwamba ndivyo walivyozoea. Sema kwamba mji ulipokuwa ukichorwa, mchoraji hakuwahesabu.

Watu hao hawakuwa bubu. Mwaka 1953, wakati wa hali ya hatari, Waafrika wa Nairobi waliacha kupanda mabasi kwa muda wa miezi kadhaa. Wengine waliacha kwa moyo wao, wengine kwa kuiogopa amri iliyotolewa na viongozi wa Mau Mau. Historia haina budi kuyataja yote mawili. Mabasi yalipita yakiwa matupu, na watu wakatembea. Miaka miwili baadaye, mbali sana na hapa, katika mji wa Montgomery nchini Marekani, watu weusi nao waliacha mabasi, kwa sababu sheria iliwalazimisha kumwachia mtu mweupe nafasi ya kukaa. Walishikilia neno lao kwa siku 381, tangu Desemba 1955 hata Desemba 1956, mpaka mahakama kuu ya nchi ikakata shauri upande wao.

Nimekutajia Montgomery kwa sababu moja. Wengi kule walitembea, lakini wenye motokaa miongoni mwao walifungua milango. Kila asubuhi na kila jioni motokaa zao zilisimama mahali palipoagizwa, zikachukua wafuaji nguo, wapishi na vibarua, na kuwafikisha kazini. Motokaa ya mtu mmoja iligeuka kuwa gari la wengi, wala hakuna kilichobadilishwa katika mtambo wake. Kilichobadilika ni nia ya mwenyewe.

Jambo linalofanana na hilo lilitokea kwetu, ingawa lilisukumwa zaidi na haja ya fedha. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 watu waliruhusika kuishi mjini bila ya vikwazo vya zamani, nao wakaja. Hesabu ya mwaka 1969 ilikuta Nairobi ina watu zaidi ya laki 5. Kampuni ya mabasi, ambayo Halmashauri ya Mji ilipata sehemu ya hisa zake mwaka 1966, ndiyo iliyopewa haki ya kubeba abiria mjini. Lakini mabasi yake hayakutosha, na mitaa mingine hayakuifikia kabisa. Ndipo wenye magari makuukuu, mengine ya kubebea mizigo, walipoanza kupakia watu kwa siri. Nauli, kama isimuliwavyo, ilikuwa senti 30, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi. Na kutokana na neno la Kikikuyu lenye maana ya tatu, gari hilo likaitwa matatu. Polisi waliyakamata, mahakama ziliyatoza faini, na kesho yake yalikuwa barabarani tena, kwa kuwa abiria walikuwa wakiyangoja.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri kwamba matatu ziruhusiwe kubeba abiria bila ya ile leseni maalumu iliyotakiwa kwa mabasi. Hivyo kilichozaliwa gizani kilitolewa mchana. Lakini ruhusa si malezi. Matatu ziliongezeka kuliko sheria za kuziongoza: zikajazwa kupita kiasi, zikakimbizwa, na watu wengi wakapoteza maisha. Mwaka 1984 ikatungwa sheria ya kuzitambua na kuzidhibiti. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mabasi ya Nyayo, yenye nauli nafuu, yakihudumiwa na vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa. Yalipendwa sana, lakini usimamizi ulipooza, na kabla ya miaka ya 1990 kwisha yalikuwa yamekufa. Mapema mwaka 2004 Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, aliagiza mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano ubavuni. Siku za mwanzo magari mengi hayakuwa tayari, na maelfu ya watu walitembea kwa miguu kama mababu zao. Walinung'unika, lakini wengi wao walikubali kwamba heri kuchelewa kuliko kufa.

Hapa nitakupa kisa nilichokuahidi. Miaka michache iliyopita mke wangu alishikwa na uchungu wa uzazi saa nane za usiku. Tulikuwa tukikaa karibu na chuo ninachofundisha, nje ya mji. Saa hiyo hakuna matatu. Niliwapigia simu wawili watatu wenye motokaa za kukodi. Mmoja hakujibu, mwingine alisema barabara yetu ni mbovu. Nikagonga mlango wa jirani yangu, mzee auzaye maziwa, mwenye gari dogo la mizigo. Hakuuliza neno. Alishusha madebe yake, tukatandika godoro, tukaenda. Mtoto alizaliwa salama kabla ya jua kuchomoza. Asubuhi ile niliapa kwamba sitalala tena katika nyumba isiyo na motokaa, na mwaka haukwisha kabla sijachukua mkopo wa chama cha akiba na kuinunua.

Sijuti kuinunua. Lakini nikiri mbele yako kilichofuata. Nilianza kwenda nayo kila mahali, hata mahali nilipokuwa nikienda kwa miguu kwa robo saa. Jioni moja ya masika nilikuwa nikirudi peke yangu, viti vinne vitupu, mvua ikipiga kioo. Kando ya barabara walikuwapo wanafunzi wangu wenyewe, vitabu wamevificha ndani ya makoti. Niliwaona, nao waliniona. Nilikuwa na haraka. Nikajiambia kwamba nikimchukua mmoja itanibidi niwachukue wote. Gurudumu langu likapita katika dimbwi, na maji yakawarukia. Kesho yake darasani niliwafundisha habari za vigari vya Mombasa, na ulimi wangu ulikuwa mzito. Nilikuwa nimesahau upesi sana kwamba mwanangu alizaliwa salama kwa sababu mtu mwingine alishusha madebe yake.

Tuache moyo, tushike hesabu, maana hata hesabu ina shahidi wa kutoa. Chukua watu 42. Matatu tatu za abiria 14 huwatosha wote. Ukizipanga zikigusana, kila moja ikiwa na urefu wa mita 5, zitashika mita 15 za barabara. Sasa mpe kila mmoja motokaa yake yenye urefu wa mita nne na nusu. Mstari wao utakuwa mita 189, wala hatujaweka hata nafasi ya kupumua kati ya moja na nyingine. Ndiyo maana aliyenunua motokaa ili aikimbie foleni huikuta foleni, na kumbe yeye mwenyewe ni sehemu yake. Hesabu ya mwaka 2019 iliikuta Nairobi ina watu zaidi ya milioni 4 na laki 3. Kama kila mmoja atajitafutia wokovu wake peke yake, hapana barabara itakayotosha.

Serikali zetu zimejenga barabara kubwa. Ile ya Thika ilifunguliwa mwaka 2012, na mwaka huo huo kituo kipya cha gari moshi la abiria kikafunguliwa Syokimau. Mwaka 2022 ikafunguliwa barabara ya juu kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, ambayo mwenye gari huilipia na mwenda kwa miguu haruhusiwi kuikanyaga. Ni kazi kubwa ya uhandisi, na huokoa muda wa wale wanaoimudu. Lakini ukisimama chini yake asubuhi utaiona ile picha ya Mombasa tena: wachache wanapita juu, na wengi wako chini wanangoja. Majirani zetu wa Dar es Salaam walianza mwaka 2016 kutumia mabasi yaendayo haraka, yenye njia yake ambayo motokaa za watu binafsi hazitakiwi kuingia. Mabasi hayo yamekuwa na matatizo yake, ya uchache na msongamano. Hata hivyo njia ile inatufundisha kwamba barabara yaweza kuchorwa kwa kuwahesabu walio wengi kwanza.

Basi, msomaji, je, mtu anahitaji motokaa au haihitaji? Mkunga anaihitaji, na mgonjwa, na mkulima aliye mbali na soko, na baba aliyeamka saa nane za usiku. Lakini haja ya wengi wetu si haja ya motokaa. Ni haja ya kufika salama, kwa wakati, kwa nauli tunayoimudu. Pale ambapo gari la wengi limeshindwa kutimiza hayo, kila mtu hujinunulia lake akiweza, na asiyeweza hutembea. Ukimwona mtu anaitamani motokaa usimcheke. Uliza kwanza ni basi gani lililomwacha.

Karibu utamaliza masomo, na Mungu akipenda utapata mshahara. Huenda ukanunua motokaa, nami sitakukataza, kwa kuwa yangu ipo mlangoni. Huenda pia ukawa mhandisi, au diwani, au karani wa kuchora ramani za mji. Siku utakapoketi mbele ya karatasi nyeupe na kalamu mkononi, anza kwa kumchora mwenda kwa miguu. Baada yake chora basi. Nafasi ikibaki, nichoree na mimi.

Tangu jioni ile ya mvua mimi husimama. Wakati mwingine nachelewa, na viti vyangu vimeingia tope.