Nusu kibuyu cha maziwa na asali

Ndugu vijana wenzetu, na ninyi mnaofanya kazi nasi hapa kambini, leo tuongee juu ya msafiri wa zamani, Ibn Battuta. Alizaliwa Tangier, Moroko, mwaka 1304. Aliondoka kwao akiwa na miaka 21, umri wetu huu huu, akazunguka nchi za watu karibu miaka 30.

Mwaka 1331 alipita Mombasa. Alilala usiku mmoja tu, lakini macho yake yalifanya kazi. Aliona kwamba mlangoni mwa misikiti kuna maji, kuna kata ya kuchotea, kuna na mkeka mgumu. Akaeleza sababu: watu wa pale wanatembea peku, kwa hiyo anayeingia anaosha miguu kwanza, halafu anaifuta kwenye mkeka. Basi. Hakusema hawa ni watu wasio na viatu. Alifuata jambo mpaka mwisho wake, na sisi tunaosoma leo tunaona usafi wao.

Lakini mtu huyo huyo, mwaka 1352, alivuka Sahara kwenda Mali. Alipofika Walata, mkubwa wa pale aliwaalika wageni. Kikaletwa chakula: mtama uliopondwa, umechanganywa na asali kidogo na maziwa, ndani ya nusu ya kibuyu. Ibn Battuta akashangaa, akauliza: eti ndicho alichotuitia? Wakamjibu: ndiyo, kwao hii ndiyo karamu kubwa kuliko zote. Yaani alielezwa kabisa! Bado akaona watu hawa hawana jema, akataka kurudi kwao.

Bahati nzuri aliendelea na safari. Baadaye alisimulia kwamba katika nchi ya Mali msafiri haogopi mwizi, na mgeni akifa, mali yake haiguswi, inawekwa kwa mtu mwaminifu mpaka mwenye haki aje. Sisi tuliopoteza vitu njiani tunajua uzito wa jambo hilo. Sasa fikirini: kama angerudia pale Walata kwa sababu ya kibuyu, asingeliona kamwe.

Hapa kambini tunaishi makabila mengi na nchi nyingi. Kwenye foleni ya mgao tunasikia: hawa wanakula kwa mikono, wale wanalia msiba kwa kelele, wengine hawamwangalii mtu machoni. Na mgeni mwenye karatasi akija nyumbani, anaandika alichoona kwa dakika kumi. Asiyemwangalia mtu machoni anaandikwa kuwa anaficha kitu, kumbe kwao ndiyo heshima kwa mkubwa. Maandishi hayo yanaweza kuamua nani asaidiwe.

Hatusemi kila desturi ni nzuri. Mtoto akiumizwa, tusinyamaze kwa jina la mila. Tunasema tu utaratibu: kwanza eleza ulichoona, pili uliza maana yake kwa wenyewe, tatu lisikie jibu. Ibn Battuta pale Walata aliuliza vizuri, shida ilikuwa kulisikia jibu.

Na sisi tukikaribishwa kwa jirani wa kabila lingine, tupokee kibuyu kwa mikono miwili. Huenda ametoa kilicho bora nyumbani mwake.