Mji Hugeukia Njia

Kilifi kuna mahali panaitwa Old Ferry. Mwambie mtu wa boda akupeleke, atakupeleka bila kuuliza, ingawa feri yenyewe haipo na huenda hata yeye hajawahi kuiona. Iliacha kuvusha watu 1991, daraja la Kilifi lilipofunguliwa. Mimi nimezaliwa baada ya hapo. Nililolikuta ni jina tu, nalo likanifanya niulize: kwani kabla ya daraja mji huu ulikuwa umeelekea wapi?

Zamani sana, pwani hii ilielekea baharini. Vasco da Gama alipofika Malindi 1498, alipata hapa mwanamaji wa kumwongoza hadi Calicut. Kwa watu wa bandari ile, safari ya India haikuwa ajabu. Kaskazi ilileta majahazi, kusi ikayarudisha, na mji mzima ukaishi kwa ratiba ya upepo. Karne ya 19, chini ya masultani wa Zanzibar, Malindi ilisafirisha nafaka na ufuta kwa majahazi hayohayo. Mashamba yalilimwa na watumwa, na tusilisahau hilo tukianza kusifu tanga. Takaungu nayo, walikohamia Mazrui baada ya Seyyid Said kuwashinda Mombasa 1837, ilikuwa na jina kubwa kwa sababu chombo kiliweza kuingia.

Halafu ikaja reli. Waingereza walianza kuijenga Mombasa 1896 wakaielekeza bara, na 1901 ikafika Ziwa Victoria. Kaskazini mwa pwani haikuja. Mombasa ikawa mlango wa nchi nzima, sisi tukabaki majirani wa mlango.

Tukaachiwa barabara, tena barabara iliyokatwa na maji. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita kama 120, lakini msafiri wa enzi za mkoloni alivuka maji mara tatu kabla hajafika. Nyali kulikuwa na daraja la kuelea tangu 1931. Mtwapa, kivuko kilivutwa kwa mikono na wanaume waliokuwa wakiimba. Kilifi ilikuwa feri. Nyali ikapata daraja lake la sasa 1980, sisi tukaendelea kupanga foleni miaka mingine kumi na moja.

Wazee wa mtaani kwetu wakikumbuka foleni ile, hawaanzi na chombo. Wanaanza na korosho, madafu, samaki wa kukaanga. Gari lililosimama lina mtu mwenye njaa ndani yake, na kila aliyekuwa na sinia alijua hivyo. Daraja lilipofunguka, msafiri akapita juu na biashara ikabaki chini. Gari lisilosimama halinunui.

Lakini mi siwezi kulilia feri. Hospitali kubwa iko upande wa mjini, na mama mwenye uchungu upande wa Mnarani hangoji tena chombo kirudi. Mnarani yenyewe, ambayo zamani ilikuwa ng'ambo, leo ni mtaa wa Kilifi kama mitaa mingine. Daraja lilitoa na likachukua. Shida ni kwamba waliopewa na walionyang'anywa hawakuwa watu walewale.

Takaungu ni ushahidi mwingine. Barabara kuu iliupita mji huo kwa kilomita kadhaa, basi ule uliokuwa mlango ukawa uani. Leo unashuka stejini kisha unachukua boda. Na boda nayo ina historia yake: 2008 serikali iliondoa kodi kwenye pikipiki ndogo, na ghafla nyumba iliyo mbali na lami ikawa nyumba ambayo mtu anaweza kuishi na bado akafika kazini. Mstari mmoja kwenye bajeti ya Nairobi ulisogeza mipaka ya miji yetu kuliko ramani yoyote ya mipango miji.

Ndiyo maana naiangalia kwa makini barabara ya Mombasa hadi Kilifi inavyopanuliwa, sehemu ya njia kuu inayokusudiwa kutuunganisha hadi Bagamoyo. Magari yatafika mapema, hilo sibishi. Ila kila njia mpya pwani hii imeugeuza uso wa mji, na kila mara kuna mtu aliyejikuta ameachwa mgongoni. Zamani alikuwa nahodha, baadaye muuza korosho. Safari hii tunamjua kabla hajaachwa: ni mama wa kibanda kando ya barabara, na mtoto anayevuka kwenda shule kwa miguu.

Kwa hivyo kukiitwa baraza, usiulize tu tutafika Mombasa kwa dakika ngapi. Uliza steji itakuwa wapi, mama atauzia wapi, na mtoto atavukia wapi. Lami ikishakauka, majibu yake hukaa miaka mingi kuliko aliyeyatoa.