Uwanja wa Kijiji ni Urithi: Hoja kutoka Nyololo, Mufindi

Utangulizi

Anayeulizia urithi wa Iringa ataelekezwa Isimila kwenye zana za mawe, Kalenga kwenye fuvu la Mkwawa lililorejeshwa mwaka 1954, Lugalo ambako jeshi la Wajerumani lilishindwa Agosti 1891, au Boma la Iringa lililofunguliwa kama makumbusho mwaka 2016. Hakuna atakayemwelekeza kwenye uwanja wa mpira. Makala haya yanadai kwamba uwanja wa kijiji nao ni urithi. Thamani yake haitokani na ukongwe wa jengo bali na matumizi yasiyokatika, na kwa sababu hiyo mahali pake pa kuhifadhiwa ni kwenye daftari la ardhi la kijiji kabla ya orodha yoyote ya mambo ya kale.

Nyololo inafaa kuipima hoja hii. Ni kata ya Wilaya ya Mufindi iliyo kando ya barabara kuu ya Tanzania–Zambia, kati ya Mafinga na Makambako, inapochepuka barabara ya Igowole na Mtwango. Wengi nje ya Iringa walilisikia jina lake tarehe 2 Septemba 2012, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi alipouawa hapo wakati polisi wakiwatawanya wafuasi wa CHADEMA. Siku hiyo haipaswi kusahauliwa. Hata hivyo, historia ya mahali haiishii kwenye siku ambayo magazeti yalifika. Siku za kawaida nazo zina historia, ila haziandikiwi ripoti, na uwanja ni miongoni mwa mashahidi wake wachache.

Machimbuko ya uwanja

Viwanja vya vijijini katika Nyanda za Juu Kusini vina machimbuko matatu. La kwanza ni misheni na shule zake, ambako mpira ulifundishwa pamoja na nidhamu ya saa na kengele. La pili ni kazi ya mshahara. Mashamba ya chai ya Mufindi yaliyopanuka wakati wa Waingereza yaliwakusanya Wahehe, Wabena, Wakinga na wengineo katika makambi, na saa za baada ya kazi zikahitaji mahali. Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001 kuhusu burudani na siasa mjini Zanzibar, ameonyesha kwamba watawala waliuona mpira kama chombo cha kuwatuliza watu, wakati wachezaji wenyewe waliugeuza kuwa njia ya kujenga heshima na umoja wao. Hoja yake ni ya mjini na ya pwani, lakini inatufundisha kutoutazama uwanja wa bara kama zawadi ya mkoloni tu.

Chimbuko la tatu, na ndilo lililoacha alama pana zaidi, ni dola huru. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 iliwahamishia watu katika makazi ya pamoja, na mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa mwaka 1977 ukaeneza shule za msingi vijijini. Palipo na shule pakawa na kiwanja. Ndiyo maana viwanja vingi vya vijiji huitwa tu “uwanja wa shule”, na ndiyo maana umiliki wake una utata: shule huuona wake, serikali ya kijiji huuona wake, na wananchi waliong'oa visiki kwa majembe huuona wao.

Uwanja huo haukuwa wa mpira peke yake. Ndipo inapochezwa ndondo na ligi ya kugombea mbuzi, ndipo wasichana wanapochezea netiboli, na ndipo wanafunzi wanapojiandaa kwa UMITASHUMTA. Ndipo unapopokelewa Mwenge, inapofanyika mikutano ya kampeni na ya injili, na wakati mwingine chanjo. Hakuna jengo la kijijini linalokusanya rika zote, dini zote na vyama vyote kwa kiasi hicho.

Funzo la Samora na Sokoine

Kinachotokea kumbukumbu isipoandikwa kinaonekana mijini. Uwanja wa Samora mjini Iringa na Uwanja wa Sokoine mjini Mbeya vinamilikiwa na CCM, kama vilivyo viwanja vingine vikubwa vya mikoani. Katika mfumo wa chama kimoja, chama, serikali na wananchi vilihesabiwa kuwa kitu kimoja, hivyo mchango wa mwananchi haukuhitaji stakabadhi. Vyama vingi viliporejea mwaka 1992, swali la viwanja hivyo ni vya nani likawa mjadala wa kitaifa usiokwisha. Upande wowote unaoamini una haki, ugumu ni uleule: jasho la waliojenga halikuwekewa hati.

Hata hivyo, historia ya soka ya kanda hii ingekuwa fupi bila viwanja. Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa Rungwe, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986. Prisons ya Mbeya ikautwaa mwaka 1999. Mbeya City ilishika nafasi ya tatu katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, 2013/14, na Lipuli ya Iringa ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019. Wachezaji wa timu za namna hii hawaanzii kwenye nyasi za Sokoine. Huanzia mchangani.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba uwanja hauna cha kuhifadhiwa: ni nyasi na milingoti minne ya miti, na milingoti huhamishika. Ni kweli milingoti huhamishika, lakini watumiaji hawahamishiki kwa urahisi huo. Uwanja ukisogezwa pembezoni, vijana wakubwa wataufuata. Watakaoupoteza ni watoto wadogo, wasichana ambao wazazi hawatawaruhusu kurudi gizani, na wazee waliozoea kutazama mechi wakitoka sokoni. Katika baridi ya Mufindi ya Juni na Julai, umbali huo huamua nani abaki nyumbani.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: ardhi inahitajika. Madarasa yanahitajika, zahanati zinahitajika, vibanda vya biashara hufuata lami, na upandaji wa misonobari na mikaratusi umepandisha thamani ya kila eka Mufindi. Kijiji kina haki ya kuamua kwamba darasa ni muhimu kuliko uwanja. Asichokuwa na haki nacho mtu yeyote ni kuuacha uwanja umegwe kidogo kidogo, banda moja leo na jingine mwakani, bila mkutano wowote kuamua.

Njia ya kisheria

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ilitungwa kwa kufikiria magofu na vitu vya kale, hivyo haiusaidii uwanja wa kijiji. Inayousaidia ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Inatambua ardhi ya jumuiya, inaitaka halmashauri ya kijiji ipendekeze maeneo hayo na mkutano mkuu wa kijiji uyaidhinishe, na inaagiza daftari la ardhi hiyo litunzwe. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007 inaongeza ramani. Tanzania pia iliridhia mwaka 2011 Mkataba wa UNESCO wa 2003 kuhusu urithi usioshikika, unaoweka jamii yenyewe katikati ya kazi ya kuutambua urithi wake.

Hatua tatu zinatosha kuanzia, na hakuna hata moja inayongoja fedha za wafadhili. Kijiji kipime uwanja na kuuandika katika daftari, kikieleza wazi mgawanyo wa matumizi kati ya shule na wananchi. Walimu wa historia wawape wanafunzi kazi ya kurekodi simulizi za waliousafisha na waliouchezea, kabla wazee hao hawajaondoka. Na makumbusho ya mkoa yapokee nakala za simulizi hizo, zikae pamoja na za Mkwawa. Mkutano mkuu wa kijiji wa Nyololo, na wa kila kijiji cha Mufindi, una mamlaka ya kuanza na hatua ya kwanza katika kikao chake kijacho. Uutumie.