Kapandia Wapi?

Julai 2022 nilikuwa ndani ya basi la Dar kwenda Masasi, narudi nyumbani Chidya kwa likizo fupi. Wiki ile nchi nzima ilikuwa inaongelea ugonjwa wa Ruangwa: watu wanapata homa, wanaishiwa nguvu, wanatoka damu puani, na watatu wameshakufa. Tulipofika Nanganga, pale barabara ya Ruangwa inapoungana na ya kwetu, akapanda kijana mmoja, akakaa nyuma yangu, akakohoa. Kikohozi cha vumbi tu. Lakini madirisha yalifunguliwa fasta, na mama mmoja aliyekuwa amesinzia tangu Lindi akazinduka, akamuuliza kondakta: "Huyu kapandia wapi?"

Siku chache baadaye serikali ikatangaza kuwa ni homa ya mgunda, bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa wanyama na kumpata mtu kupitia maji au udongo. Wagonjwa walikuwa 20. Yaani kukohoa kwa yule kijana hakukuhusika kabisa. Sisi tulishashuka, kila mtu na njia yake, bila hata kumwomba radhi.

Swali la yule mama halikuniacha, kwa sababu kuna ugonjwa mmoja ambao ukiuliza ulipandia wapi, vitabu vya tiba vya dunia nzima vinajibu: kwetu.

Julai 1952 watu wa uwanda wa Makonde, upande wa Newala, walianza kuanguka. Homa ilikuja ghafla, tena kali, na viungo viliuma kiasi kwamba mtu aliyelala mzima aliamka hawezi kujinyoosha. Mlipuko uliendelea hadi Machi 1953. Daktari Marion Robinson aliandika dalili za wagonjwa. Mtafiti Lumsden, kutoka taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, akachunguza jinsi ulivyoenea. Mwenzake Ross akakipata kirusi chenyewe kwenye damu ya mgonjwa. Mwanzoni walidhani ni dengi. Wenyeji hawakusubiri maabara. Waliuita chikungunya, kwa Kimakonde, kitu kinachomkunja mtu. Wataalamu walipotafuta jina wakalichukua hilo hilo, na mpaka leo ndilo jina lake Paris, Delhi na Rio.

Hapa naomba nilalamike kidogo. Maandishi mengi ya kitaalamu yameandika kwamba chikungunya ni neno la Kiswahili. Si Kiswahili. Mswahili wa Unguja ukimwambia "kungunya" atakutazama tu. Ni Kimakonde, na kwa jinsi watu wetu wanavyotaniwa mjini, nadhani tuna haki ya kudai angalau hilo.

Kiswahili nacho kilikuwa na jina lake: kidingapopo. Mwaka 1870 ulizuka Zanzibar ugonjwa wa homa na maumivu ya viungo, na daktari Mskoti aliyeishi pale, James Christie, aliandika kwamba wazee waliukumbuka, kwamba ulishapita miaka ya 1820. Kutoka Zanzibar ukafuata njia za meli hadi Aden na India. Leo tunaliita dengi kidingapopo, lakini baadhi ya watafiti, wakisoma jinsi viungo vilivyoendelea kuuma muda mrefu baada ya homa kuisha, wanaona kwamba huenda kile kilikuwa chikungunya. Kama ni kweli, ugonjwa huu ulikuwa msafiri karibu karne moja kabla Newala haijaupa jina.

Safari yake kubwa ilianzia Lamu, 2004. Uchunguzi wa damu ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya watu wa kisiwa kile waliambukizwa. Mwishoni mwa mwaka ukawa Mombasa, mwaka uliofuata Komoro, kisha Réunion. Huko, kwenye kisiwa chenye watu wasiofika laki nane, waliougua walifika kama 266,000, na mlipuko ulipopamba moto, Februari 2006, ilikuwa zaidi ya wagonjwa 40,000 kwa wiki moja. Tulizoea kuambiwa chikungunya hauui. Réunion vyeti vya vifo zaidi ya 200 viliutaja, vingi vya wazee. Kirusi kilikuwa kimebadilika kidogo, kikaweza kubebwa vizuri na aina nyingine ya mbu. Mwaka huo huo ukalipuka India, na 2007 msafiri mmoja akaufikisha kijijini Italia, karibu na Ravenna, ambako watu zaidi ya 200 waliugua bila wao kusafiri kokote. Ndipo Ulaya nayo ikaanza kuuliza: kapandia wapi?

Lakini rudi Newala uone Lumsden alikuta nini. Uwanda wa Makonde hauna mito. Mvua ikinyesha, mchanga unaimeza. Enzi zile wanawake walishuka mabondeni usiku kufuata maji na kupanda nayo kichwani, na maji yaliyopatikana kwa shida hivyo hayamwagwi. Yanawekwa ndani, kwenye mitungi, siku nyingi. Mbu aina ya Aedes anapenda maji ya namna hiyo, safi, yaliyotulia, karibu na watu. Anauma mchana, kwa hiyo chandarua unachochomeka usiku hakikusaidii sana. Na Lamu 2004? Ukame. Watafiti waliochunguza mlipuko ule wakaona jambo lile lile: mvua zimekosekana, watu wanahifadhi maji majumbani, mbu wanazaliana ndani ya vyombo. Miaka 52 kati ya Newala na Lamu, na chanzo ni kiu ile ile.

Kwa hiyo ni kweli kwamba kirusi kilisafiri na watu, kwa meli na kwa ndege. Ila kila kilikoshuka kilihitaji ndoo iliyoachwa wazi. Tunapopima joto abiria uwanjani tunashughulika na nusu ya hadithi, tena nusu iliyo rahisi, maana abiria ana sura ya kumnyooshea kidole na ndoo haina.

Siku ile nilifika Chidya jioni. Mama alinipokea begi, na kabla hata ya salamu kwisha akataka kujua kama kwenye basi kulikuwa na mtu wa Ruangwa, na kama alikuwa anakohoa. Nikamwambia alikuwepo. Akaniambia nikanawe haraka. Nikaenda kuchota kwenye pipa nyuma ya nyumba, lile la maji ya wiki nzima, na juu ya maji viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinajinyonganyonga. Kifuniko kilikuwepo. Mama alikuwa amekianikia makopa.