Kilio cha Hezekia: Saratani, Ujana na Mipaka ya Ushuhuda Kanisani

Utangulizi

Katika mijadala ya afya ya jamii Afrika Mashariki kuna dai linalorudiwa mpaka limeonekana halihitaji uthibitisho: kijana Mkristo mwenye saratani huchelewa kufika hospitali kwa sababu ya imani yake. Amekesha kwenye maombezi, amepakwa mafuta ya upako, ameonywa asiukiri ugonjwa. Anapofika taasisi ya saratani ya Ocean Road, uvimbe umeshasambaa. Dawa inayopendekezwa ni moja: mahubiri yapungue, elimu ya afya iongezeke.

Wanaochelewa wapo, na makala hii haikusudii kuwaficha. Inachopinga ni kuifanya imani yenyewe kuwa mshtakiwa. Nitadai kwamba kinachomwumiza kijana ni mazoea ya kanisa kutambua aina moja tu ya usemi kuhusu ugonjwa, yaani ushuhuda wa aliyekwisha kupona. Asiyepona hana la kusema, na asiye na la kusema hujificha: humficha mchungaji, kisha humficha na daktari.

Imani, foleni na mashine

Ushahidi unaotajwa zaidi dhidi ya imani ni Loliondo. Mwaka 2011 Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, aligawa kikombe cha dawa ya mitishamba kwa shilingi 500 katika kijiji cha Samunge, huko Loliondo. Saratani ilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyosemwa kuwa yangepona. Lakini foleni ile ilikuwa na Wakristo na Waislamu, maskini waliopanda malori na matajiri waliofika kwa helikopta, hata viongozi wa serikali. Imani ya Kikristo haiwezi kueleza mkusanyiko wa namna hiyo. Wakati huo tiba ya mionzi kwa nchi nzima ilipatikana Ocean Road peke yake, Dar es Salaam. Kwa mgonjwa wa Kagera au Rukwa, kikombe kilikuwa na bei inayojulikana. Safari ya Dar es Salaam haikuwa nayo.

Upande wa pili uko utafiti wa Andrea Phelps na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, JAMA. Waliwafuatilia wagonjwa 345 waliokuwa na saratani iliyokwisha kukomaa. Kama imani humtenga mtu na hospitali, waliotegemea dini zaidi wangetumia tiba kidogo. Ikawa kinyume: katika wiki ya mwisho ya maisha, asilimia 13.6 ya waliotegemea dini sana walipewa tiba nzito ya kurefusha uhai, kama mashine ya kupumulia, ikilinganishwa na asilimia 4.2 ya wengine. Marekani si Tanzania, na wengi wa wagonjwa wale hawakuwa vijana. Hata hivyo matokeo hayo yanatosha kuvunja dai la jumla. Penye mashine, muumini huidai mashine. Penye kikombe, hufuata kikombe. Kote kuwili yuko mtu asiyepewa ruhusa ya kusema kwamba huenda asipone.

Mfalme mwenye miaka thelathini na tisa

Habari inayohubiriwa mno kwa wagonjwa ni ya Hezekia, mfalme wa Yuda, iliyomo katika 2 Wafalme 20 na Isaya 38. Mimbarini hufupishwa hivi: aliambiwa atakufa, akaomba, akaongezewa miaka 15. Ufupisho huo unaacha mambo matatu, na kwa kijana mwenye saratani hayo matatu ndiyo kiini.

La kwanza ni umri. Hezekia alitawazwa akiwa na miaka 25 akatawala miaka 29, kwa hiyo alifariki akiwa na miaka 54. Ukiondoa ile 15 ya nyongeza, alikuwa na miaka 39 alipougua. Wataalamu wa saratani huwaweka wagonjwa wa miaka 15 hadi 39 katika kundi la vijana, mpaka uliopendekezwa Marekani mwaka 2006. Tena Manase, mwanawe aliyemrithi, alitawazwa akiwa na miaka 12, maana yake alikuwa hajazaliwa wakati wa ugonjwa. Wanahistoria hubishana kuhusu tarehe za utawala ule, lakini kwa hesabu ya maandiko yenyewe, anayelia pale ni mtu asiye na mrithi wa kiti chake. John Mbiti, kasisi wa Kianglikana aliyeandika mwaka 1969 kuhusu dini za Kiafrika, alieleza jinsi kufa bila mtoto kunavyohesabiwa kuwa kuzimika kabisa, kwa kuwa hakuna atakayemkumbuka marehemu. Binti wa miaka 26 anayeambiwa kwamba tibakemikali huenda ikamharibia uzazi, mahari yake ikiwa katikati ya mazungumzo, anamwelewa Hezekia kuliko wanavyomwelewa wazee wa kanisa.

La pili ni kilio. Mfalme haukiri uzima. Anageukia ukuta na kulia kwa uchungu. Katika utenzi wake ulioko Isaya 38 analalamika kwamba anakatwa katikati ya siku zake, kama kitambaa kinachotolewa kwenye mtambo wa mfumaji. Anathubutu hata kumwambia Mungu kwamba ndiye anayemvunja mifupa. Kijana akisema hivyo leo kwenye mkesha, atakemewa roho ya mauti. Katika maandiko, kilio hicho ndicho kilichosikilizwa.

La tatu ni tini. Jibu likiisha kutolewa, nabii Isaya anaagiza mkate wa tini upakwe juu ya jipu, ndipo mfalme anapona. Sala na dawa zimekaa katika sura moja, na hakuna hata mmoja pale anayeona kwamba dawa imeipunguzia sala heshima.

Mkosoaji aliyekutwa na alichokikosoa

Huenda ikadhaniwa kwamba tatizo ni la wahubiri wa mafanikio peke yao, wale wanaoahidi afya na utajiri kwa wenye imani. Kisa cha Kate Bowler kinakataa. Mwanahistoria huyu wa chuo kikuu cha Duke alichapisha mwaka 2013 kitabu kuhusu historia ya injili ya mafanikio nchini Marekani. Mwaka 2015, akiwa na miaka 35 na mtoto mdogo, aligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana katika hatua ya nne. Ameeleza kwamba jirani alimwambia mumewe kuwa kila jambo lina sababu yake, na mume akaomba basi aelezwe hiyo sababu. Linalotuhusu zaidi ni kukiri kwa Bowler kwamba yeye mwenyewe, mkosoaji msomi, alikuwa amebeba moyoni matumaini yaleyale kwamba maisha mema hulipwa kwa uzima. Basi kuzikemea kamera na sadaka za wahubiri wa mafanikio hakutoshi. Makanisa makongwe nayo yana ushuhuda wao: ugonjwa, madaktari kushindwa, maombi, vipimo kurudi safi.

Pingamizi

Itasemwa kwamba Hezekia naye alipona, kwa hiyo habari yake ni ushuhuda uleule. Ndiyo maana Biblia haikuishia kwake. Zaburi ya 88, ambayo mwimbaji wake anasema amekuwa jirani wa kifo tangu ujana, inafungwa gizani, bila neno la shukrani. Waliokusanya Zaburi hawakuiongezea mwisho mzuri. Itasemwa pia kwamba maombolezo huwavunja moyo wagonjwa. Woga huo ni wa wanaosikiliza zaidi kuliko wa wanaougua.

Hitimisho

Kanisa limejenga hospitali. Bugando iko chini ya maaskofu Wakatoliki, na KCMC ina mizizi ya Kilutheri. Saratani hutibiwa katika zote mbili. Taasisi inayotoa tibakemikali siku za kazi haiwezi Jumapili kumtaka mgonjwa yuleyule aongee kana kwamba haumwi. Vyuo vya theolojia vifundishe maombolezo kwa uzito uleule unaopewa mahubiri ya uponyaji. Wachungaji nao hawahitaji kungoja bajeti wala kamati. Jumapili ijayo wampe kipaza sauti kijana ambaye bado yuko kwenye tiba, na akimaliza kusema, wasimwongezee mwisho ambao yeye mwenyewe hajaufikia.