Gesi ya Nyufa za Singida: Tunapima kwa Ajili ya Nani?

Reli ya Kati ikitoka Dodoma kwenda Tabora hukutana, kati ya Saranda na Manyoni, na ukuta mrefu wa ardhi. Kwa wahandisi wa Kijerumani, ambao reli yao ilifika Tabora mwaka 1912, ukuta huo ulikuwa mlima wa kupandwa. Kwa mwanajiolojia ni ukingo wa Bonde la Ufa: ardhi ilipasuka, upande mmoja ukashuka, na mipasuko hiyo ingali hai.

Historia ya Singida inaweza kusomwa kama historia ya watu waliokuja kuiuliza ardhi hiyo maswali. Wakoloni waliuliza dhahabu, wakaichimba Sekenke, Iramba. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ndege zilipita angani zikipima mionzi ya miamba ya nchi yetu. Baadaye Manyoni ikajulikana kwa urani iliyo karibu na uso wa ardhi. Mwaka 2016 habari za gesi ya heli katika bonde la Rukwa zilienea duniani, na utafutaji ukagusa pia mabonde ya Eyasi na Balangida, jirani na Singida.

Maswali yote hayo yalihusu kinachoweza kuuzwa. Lakini heli ina ndugu asiye na soko: radoni.

Wote wawili ni watoto wa urani. Urani iliyomo katika miamba ya kale ya matale huvunjika polepole sana, na katika kuvunjika huko huzaliwa heli na, hatua kadhaa mbele, radoni. Tofauti ni umri. Heli hudumu; radoni hupungua kwa nusu kila baada ya siku 3.8. Kwa hiyo radoni haiwezi kufika mbali kwa mwendo wake yenyewe. Huhitaji kubebwa na maji au gesi nyingine, na njia nyepesi ya msafara huo ni mpasuko wa ardhi.

Ndiyo maana wanasayansi huitumia radoni kutafuta mipasuko iliyofukiwa na udongo. Baada ya tetemeko la Tashkent la mwaka 1966, watafiti wa Kisovieti walieleza kwamba radoni katika maji ya kisima kirefu ilikuwa imeongezeka kabla ya tetemeko. Wengi wamejaribu tangu hapo kuifanya mbiu ya mgambo. Haijawa ya kutegemewa. Lililothibitika ni jingine: radoni ikijikusanya ndani ya nyumba huleta saratani ya mapafu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kiwango cha bekereli 100 kwa kila mita ya ujazo ya hewa ya ndani, na pale kisipowezekana, kisizidi 300.

Sisemi kwamba kila nyumba ya Singida ina hatari. Nasema kwamba jambo hili hujulikana kwa kupima tu, kwa maana radoni haina rangi wala harufu. Hupenya sakafu ya udongo ya tembe kama inavyopenya ufa wa saruji, na mara nyingi dirisha lililofunguliwa huipunguza.

Uwezo wa kisheria tunao. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko Dodoma, jirani kabisa. Atafutaye heli tayari huchukua sampuli za gesi kwenye chemchemi na nyufa. Basi leseni yake ibebe sharti moja zaidi: apime radoni katika nyumba, shule na visima vya vijiji vinavyozunguka eneo lake, na matokeo yabandikwe kwa Kiswahili katika ofisi ya kijiji.

Zaidi ya miaka mia moja ardhi ya Singida imeulizwa ina nini cha kutoa. Wanaolala juu yake wana haki ya kujua inawapa nini kila usiku.